Mahali Nilipoandika "Pori"

Utende, baada ya sala ya alasiri

Mwanangu Nasoro,

Mungu akutangulie kila utakapofika. Sikuulizi hali, maana tumekula sahani moja mchana huu, na sasa hivi nakusikia uani ukibishana na mama yako mikeka mingapi utachukua. Utashangaa kwa nini namwandikia mtu aliye hatua kumi kutoka nilipokaa. Ni kwa sababu ulimi umenishinda. Mara tatu juma hili nimekuita nikuambie jambo, na mara tatu nimeishia kukusemesha habari za viatu.

Mambo ya kufua, kula na kuangalia sala mama yako amekwisha kukuusia, na akisahau moja shangazi zako wataliongeza. Mimi ninalo jambo langu, na si zuri.

Juzi uliniuliza: "Baba, nikifika ofisini Dar es Salaam wakaniuliza nchi yangu, niandike nini?" Nikakujibu, "Andika Mafia," nikaomba maji ya kunawa. Halikuwa jibu la uongo, lakini lilikuwa jibu la mtu anayekimbia. Unakwenda kuwa karani katika ofisi ya ramani. Kazi hiyo niliifanya mimi ulipokuwa bado tumboni, nami niliifanya vibaya. Sitaki uanze kazi bila kujua.

Nilipokuwa mdogo, nchi yetu iliitwa kwa kadiri ya mtu anayeitaja. Sisi wa Utende tukivuka kwenda Chole tulisema tunakwenda mjini. Watu wa Chole wakivuka kuja huku walisema wanakwenda shamba, na kisiwa hiki kikubwa chote, pamoja na vijiji vyake na misikiti yake, wao walikiita Chole Shamba, kama kwamba ni ua wa nyuma ya nyumba zao. Na hilo jina la mji lenyewe halikuwa la Chole tangu mwanzo. Bibi yangu mzaa mama, aliyezaliwa kisiwa cha Juani, alikuwa akisema kwamba mji ulikuwa Kua, huko huko Juani, hata Wasakalava walipokuja kutoka Bukini, ndiyo Madagaska ya Wazungu, wakauvunja na kuchukua watu. Waliosalia wakaenda kuanza upya Chole. "Kuta zilibaki Juani," alisema, "mji ukavuka maji."

Jina la Mafia lenyewe lilikuwa ugomvi wa nyumbani kwetu. Babu yako Nasoro, ambaye jina lake umelibeba, baba yake alitoka Omani, na yeye alishikilia kwamba neno hili ni la Kiarabu, maana yake visiwa vilivyokaa pamoja. Mama yangu akisikia hivyo huweka kawa chini na kusema, "Mafia ni mahali pa afya. Watu wa mrima, pwani ya ng'ambo, wakishikwa na homa walikuwa wakiletwa huku kupona. Waarabu walilikuta." Siku moja waliligombea jina hilo hata wali ukapoa. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha mbuzi akikuna nazi, akacheka, akasema: "Jina lilikuwapo limelala. Kila mgeni akifika hulivika nguo ya kwao, kisha husema nimelizaa mimi."

Nilikuwa mtoto, nikadhani ni mzaha wa mtu mzima.

Baadaye akaja Mdachi. Tulikuwa watu wa Sultani wa Unguja, tukalala, tukaamka watu wa Mdachi. Hakuna aliyetuuliza. Ilisemekana tulibadilishwa kwa kipande cha nchi kilicho mbali huko bara, na wazee wakawa wanaulizana kipande hicho kina nini, kina maji, kina minazi, hata kikalingana na sisi. Bendera ikapandishwa Chole. Tukaambiwa kwamba kutoka pwani hii mpaka kwenye maziwa makuu yote ni nchi moja, na ina jina moja refu la Kijerumani, na mtu wa Tabora ambaye sijapata kumwona sasa ni mwenzangu wa nchi. Sasa Mdachi naye ameondoka, Mwingereza yupo, na lile jina refu wamelipigia muhuri juu yake. Yasemwa la badala yake linatafutwa Ulaya. Watalitafuta huko kama mtu anayetafuta kofia yake nyumbani kwa jirani.

Mimi nilisoma chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, kwa herufi zetu za Kiarabu, kisha babu yako akanitia katika shule ya serikali nijifunze herufi za Kizungu. Alikuwa mtu wa kuona mbali. Alisema, "Anayekuja kutawala huja na kalamu. Mmoja wetu na aishike." Nikawa karani wa boma la Chole, na kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa kufuatana na Mzungu mmoja aliyetumwa kupima kisiwa na kuandika majina. Watu walimwita Bwana Mpima. Hakuwa mtu mbaya. Aliamka kabla ya alfajiri, alikula tulichokula, na Kiswahili alikijua cha kuagizia. Mazungumzo ya wazee yalimpita.

Kazi ilikuwa hivi. Tunafika mahali, anatega chombo chake cha kupimia, ananiuliza, "Hapa jina lake nani?" Mimi nawauliza wenyeji, kisha naandika. Chole nikaiandika kwa herufi tano, yeye akaikata akaiandika kwa saba, kwa namna ya kwao, na ile T ya mwanzo ikaniudhi kama kokoto kwenye kiatu. Alikuwa na ramani ya zamani ya mabaharia iliyoandikwa Monfia badala ya Mafia. Nikamwambia, "Bwana, hawa wamekosea." Akacheka, akasema, "Walikosea, lakini waliandika. Waliokuwa wakisema sawasawa hawakuandika, kwa hiyo hatuwajui."

Maneno hayo yalinipendeza mno. Nilikuwa kijana, na mkononi mwangu mlikuwa na kalamu. Nilijiona kama kwamba kijiji hakikuwapo hata nilipokiandika.

Siku mbili kabla ya kufika upande wa kusini, tulilala karibu na hapa, nami nikaja kumwamkia babu yako. Baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza njia yetu. Nikamweleza. Akasema, "Mtapita kwa wale watu wa bondeni, wanaopakana na minazi yetu. Usiwafanye kuwa mji. Pale ni pori, nao wanakaa kwa hisani yangu." Hakusema zaidi. Kwangu mimi hakuwa na haja ya kusema zaidi.

Mahali penyewe palikuwa na nyumba kumi na mbili au kumi na tatu, kisima kimoja, mihogo, mtama, na minazi michache mirefu ambayo haikupandwa na baba yangu. Walikaa watu mchanganyiko: wengine wazawa wa Juani, wengine watoto wa watu waliokuwa watumwa wa Chole. Aliyetupokea alikuwa mama mtu mzima, Bi Mwanakheri. Alitutandikia mkeka, akatuletea madafu, na binti yake Mize, msichana wa miaka kama kumi na sita, akasimama nyuma yake.

"Hapa jina lake nani?" akauliza Bwana Mpima.

"Nimefika," akajibu Bi Mwanakheri.

Mzungu akanigeukia. "Anasema amefika. Amefika kutoka wapi?"

Mize akatabasamu. Mama yake akaanza kunieleza, polepole, kama mtu anayemwekea mgeni chakula. Alisema bibi yake mzaa mama alikimbia Kua siku ile ya Wasakalava, amembeba mtoto mgongoni, akavuka kwa mtumbwi uliokuwa ukivuja, akatembea hata miguu ikavimba. Alipofika hapa alimshusha mtoto, akakaa chini, akasema, "Nimefika." Hakupajua mahali. Alisema hivyo kwa sababu hakuweza tena kwenda mbele. Waliomfuata nyuma wakamkuta pale, wakauliza hapa ni wapi, naye hakuwa na jibu ila lile lile.

Bwana Mpima alikuwa amekwisha kufungua daftari. "Anasema nini? Jina ni lipi?"

Mwanangu, kwa miaka mingi nimejiambia kwamba nilikuwa na njaa, jua lilikuwa kali, na kisigino kilikuwa kimechubuka. Yote yalikuwa kweli. Tena niliogopa Mzungu atalicheka jina lile, na mimi, niliyewakosoa mabaharia wake, nionekane natoka nchi ya watu wasiojua kuita mahali. Hilo nalo lilikuwa kweli. Lakini kilichonifungua kinywa kilikuwa sauti ya baba yangu.

Nikasema, "Hapana jina, Bwana. Wanakaa tu. Ni pori."

"Basi andika pori."

Nikaandika. Bi Mwanakheri akainama kuangalia karatasi ambayo hakuweza kuisoma.

"Umeandika, mwanangu?"

"Nimeandika, bibi."

"Umeandika Nimefika?"

"Ndiyo."

Akaniwekea mkono kichwani, akaniombea dua. Dua nzima, mwanangu, na ya wazazi wangu ndani yake. Nami nikaitikia amina.

Ikapita miaka. Wewe ulikuwa umeanza kukimbia uani. Serikali ikatangaza kwamba mahali pasipo mwenyewe ni pa serikali, na serikali itampa inayemtaka. Ramani ikafunguliwa mezani. Bonde lile likaonekana ni pori, na pori halina mwenyewe. Sehemu kubwa akapewa Mzungu mmoja alime minazi. Kipande cha kusini, kinachopakana nasi, akapewa babu yako.

Wakaja Chole kulalamika, watu wanane. Bi Mwanakheri alikuwa mbele, na Mize, sasa mama wa watoto, alikuwa ubavuni pake. Mimi nilikuwa kwenye meza yangu. Mama yule aliponiona uso wake ulifunguka. Akamwambia mkubwa wa boma, "Bwana, huyu ndiye aliyeandika. Mkekani kwangu aliandika. Mwulize." Kisha kwangu: "Mwanangu, wanasema jina letu halimo. Wasomee."

Mkubwa akanitazama. Karatasi ilikuwa mbele yangu.

Nikasema, "Imeandikwa pori."

"Basi imekosewa huko mbele," akasema Bi Mwanakheri. "Wameinakili vibaya. Sema, baba, sema ulivyoandika."

Niliinamisha kichwa nikapanga kalamu zangu. Mkubwa akangoja kidogo, akaona hapana neno, akawaamuru waende. Mize alinitazama mpaka alipotoka mlangoni. Mama yake hakunitazama; alikuwa bado akimweleza askari kwamba pametokea makosa ya kunakili.

Walihama kabla ya mvua za masika. Wengine wakaenda Juani, wengine wakavuka bahari kwenda Rufiji na hawakurudi. Bi Mwanakheri alikufa Juani mwaka ule ule. Nilipata habari sokoni, kwa mtu aliyekuwa akinunua sanda.

Nilikaa na jambo hili nikila, nikisali, nikikulea. Minazi ile ya kusini ikazaa vizuri. Unajua nazi zake, ndizo zilizokusomesha. Babu yako alipokuwa akiugua ugonjwa wake wa mwisho nilimwambia, "Baba, pale palikuwa na jina." Akasema, "Kila mahali pana jina. Swali ni la nani." Akageukia ukutani. Sijui kama alikuwa akinijibu au akijijibu. Mungu amrehemu. Nilimpenda, na sikupata kumsamehe vizuri, kwa maana kila nikianza naikuta sehemu yangu mle ndani.

Mwingereza alipokuja, boma lilikuwa limehamia Kilindoni. Nikaona ni nafasi. Nikaenda kwa ofisa mpya, nikamweleza yote. Alinisikiliza kwa adabu, akauliza, "Nani aliandika pori?"

"Mimi."

"Na leo unasema si pori."

"Ndiyo, Bwana."

"Basi ulisema uongo wakati ule, au unasema uongo sasa. Mimi nitajuaje?"

Sikuwa na la kumjibu, na hata leo sina. Nimekuandikia swali lile kama alivyoliuliza. Mtu akiisha kudanganya kwa kalamu, ukweli wake wa baadaye hauna pa kukaa.

Mwaka jana, ulipokuwa Kilindoni ukijifunza kwa yule karani mkuu, nilivuka kwenda Juani kumtafuta Mize. Nilimkuta akianika mtama. Nilimwambia mlangoni kabla hajanikaribisha, maana niliogopa nikikaa mkekani sitasema. Nilimwambia kwamba haikukosewa kunakiliwa. Mimi ndiye niliyeandika pori, mbele ya mama yake, na nilimdanganya usoni.

Aliendelea kutandaza mtama kwa kiganja. Kisha akasema, "Mama alikufa akikuombea. Alisema, yule kijana wa watu aliandika vizuri, Wazungu wakaharibu. Wewe sasa wataka nikusamehe?"

"Nimekuja kuomba."

"Nikikusamehe leo nitakuwa nimemwambia mama kwamba alikuwa mjinga. Sikusamehe. Lakini kwa kuwa umekuja, usiondoke bure. Unayo kalamu?"

Nilikuwa nayo. Akaniweka chini, akanitajia kila nyumba ya Nimefika: nani alikaa wapi, watoto wake, nani alichimba kisima, nani amezikwa upande gani wa mkwaju. Ilichukua siku mbili. Niliandika kwa herufi zetu. Nilipomaliza akaniambia nimsomee, nikasoma. Akaichukua karatasi mkononi mwangu, akampelekea mwalimu wa chuo, akamwambia asome yeye tena, tangu mwanzo. Nilikaa pale nikisikiliza mtu mwingine akikagua kama sikudanganya. Ilikuwa haki yake. Mwalimu alipofika mwisho Mize akasema, "Ni sawa." Ndilo neno nililolipata kwake, na nimelichukua.

Sasa nisikilize, kwa sababu hili lakuhusu. Shamba la kusini ulilodhani litakuwa lako, si lako. Nilikwenda kwa kadhi nikaliandikisha kwa Mize na ndugu zake. Unajua desturi yetu: ardhi yaweza kuwa ya huyu na minazi ya yule, na jamaa zangu walinishauri nirudishe ardhi nibaki na minazi. Mize aliposikia aliuliza, "Na sisi tukae chini ya nazi zenu tukiangalia juu?" Nimetoa na minazi. Nyumba nne zimerudi. Bonde lililobaki bado liko ndani ya shamba la Mzungu, na vita vya Mdachi na Mwingereza vimelifanya msitu kwelikweli. Shangazi zako wamenikasirikia, na sababu ya kweli sikuwaambia. Nilisema ni nadhiri. Wewe ndiye wa kwanza katika nyumba hii kujua, baada ya mama yako, ambaye nilimwambia nilipotoka Juani. Alitwanga mpunga mchana kutwa. Jioni akasema, "Mwambie mtoto kabla hajaanza kazi, asije akasikia kwa watu." Huo ndio mtihani ulionishinda mara tatu.

Sikuandikii ili unionee huruma. Nakuandikia kwa sababu jana yule karani mkuu aliniambia kwamba ramani zote za Mdachi za visiwa hivi zimepelekwa Dar es Salaam, katika ofisi hiyo hiyo unayokwenda, na makarani wapya ndio watakaozipanga na kuzinakili. Utaikuta. Ni karatasi kubwa ya manjano, na pale kusini utaona mwandiko wangu. Utaujua kwa herufi P, ambayo mkia wake naurefusha mno, na wewe umeiga.

Nilifikiri sana nikuombe nini. Shetani aliniambia nikuombe ulifute neno lile, uandike Nimefika, na hapana atakayejua. Usifanye hivyo. Karani anayefuta kwa siri ni ndugu wa karani anayeandika uongo, na huyo mmoja ametutosha katika ukoo. Ukiona moyo wako unaweza, nenda kwa mkubwa wako mchana, watu wakiwapo, useme: hapa pana jina, na orodha ya wenyewe ipo Juani kwa Bi Mize, na aliyeandika pori ni baba yangu, yu hai, aulizwe. Nitakuja. Nitasimama mbele yao na kujibu, hata wakiniuliza lile swali nisiloweza kulijibu.

Jambo hilo laweza kukuaibisha siku zako za kwanza kati ya wageni. Laweza hata kukutoa kazini. Ndiyo maana sikuamuru. Nilipokuwa na umri wako, baba yangu aliniambia neno moja dogo, nikalifanya amri, nami sitaki kuwa baba wa namna hiyo. Soma barua hii ukiwa umekwisha kuondoka, ukasirike ukiwa mbali, kisha uamue mwenyewe.

Ukisema, utakuwa umefanya nilichoshindwa mimi. Ukinyamaza sitakulaumu, nitajua umejifunza kwa nani.

Mama yako anauliza tena habari ya mikeka. Chukua mmoja.

Ni mimi baba yako, Abdala bin Nasoro, niliyeandika haya kwa mkono wangu mwenyewe, mkono ule ule.